Hadithi ya Bibi Morioka na Bwana Sakurai katika Kiswahili

Miongoni mwa hadithi za Kijapani zilizochorwa kwa ajili ya filamu na kuenea duniani katika miaka hii, iko moja ndogo ambayo wanazuoni wa Kiswahili wangeweza kuipita bila ya kuitupia jicho, kwa kuwa haina vita, haina mizimu, wala haina mafunzo mazito. Jina lake ni Netoju no Susume. Ilitungwa na Rin Kokuyo, ikaanza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 2013. Na mwaka 2017 kampuni ya Signal.MD iliigeuza kuwa filamu ya katuni, chini ya uongozi wa Kazuyoshi Yaginuma, ikaonyeshwa katika televisheni kwa sehemu 10. Mambo yake ni mapenzi ya watu wazima wawili, nayo yamesimuliwa kwa ucheshi usiomuumiza mtu. Walakini mtu akijaribu kuieleza hadithi hii kwa Kiswahili, tuseme mbele ya wasikilizaji wa Dodoma, ambako Kiswahili ni lugha ya wote lakini si lugha ya kwanza ya walio wengi, ataona mara moja kwamba wepesi wake umesimama juu ya mambo ya lugha ambayo si mepesi hata kidogo.

Hadithi yenyewe ni hii. Bibi Moriko Morioka, mwenye umri wa miaka 30, ameacha kazi ya ofisini kwa hiari yake. Amejifungia chumbani, na siku zake anazipitisha katika mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi pamoja kwa njia ya intaneti, uitwao Fruits de Mer. Katika mchezo huo kila mtu hujichagulia sura na jina. Bibi Morioka amechagua kuwa kijana mwanamume, na jina lake ni Hayashi. Ndani yake umo mzaha mdogo, kwa maana mori kwa Kijapani ni msitu mkubwa na hayashi ni msitu mdogo. Hayashi ni mgeni, hajui kupigana, hufa mara kwa mara. Anasaidiwa na binti mpole aitwaye Lily, ambaye kazi yake ni kuwaponya wenziwe. Nyuma ya Lily, hata hivyo, yuko Bwana Yuta Sakurai, mwenye miaka 28, mfanyakazi wa kampuni, mtu mwenye haya nyingi kuliko uzuri wa sura yake unavyodhaniwa. Basi mwanamke amevaa umbo la mwanamume, mwanamume amevaa umbo la mwanamke, na mapenzi yanaota kati ya maumbo hayo mawili. Nje ya mchezo watu hao hao wanapishana mitaani bila ya kutambuana, hata siku moja Bwana Sakurai akamgonga Bibi Morioka kwa bahati mbaya, na bibi akapelekwa hospitali.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni jina la hadithi, kwa sababu hapo ndipo mfasiri atakapopotea kabla hajaanza safari. Neno susume ni himizo. Mjapani aliyesoma, akiliona katika jina la kitabu, hukumbuka Gakumon no Susume cha Fukuzawa Yukichi, kilichotolewa kati ya 1872 na 1876 ili kuwahimiza Wajapani watafute elimu. Netoju nalo ni neno la mzaha la vijana: wako watu ambao maisha yao ya kila siku yamejaa na kutosheka, na wako wengine ambao utoshelevu wao uko mtandaoni. Kwa hiyo jina lote ni kama kusema Himizo la Kutosheka Mtandaoni, nalo linachekesha kwa sababu limevaa joho la elimu likaenda kucheza. Kwa Kiingereza filamu hii iliitwa Recovery of an MMO Junkie. Hapo mambo yamepinduka: himizo limekuwa uponyaji, na mtu aliyetosheka amekuwa mgonjwa, tena mgonjwa wa ulevi. Mfasiri wa Kiswahili atakayeshika Kiingereza peke yake bila shaka ataandika habari za teja aliyepona, na msikilizaji ataketi tayari kusubiri waadhi. Hakuna waadhi katika hadithi hii. Bibi Morioka haponi ulevi wowote. Mchezo ndio uliompatia mwenziwe, na mpaka mwisho hauachi.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingine, maana msamiati wetu juu ya mtu asiye na kazi umejaa hukumu. Mvivu, mzururaji, mhuni, kupe: kila neno lina fimbo mkononi. Sehemu ya ukali huo imetoka katika historia ya nchi. Lugha ya siasa baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilimwita kupe kila aliyekula jasho la wengine, na Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilimfanya asiye na kazi mjini kuwa mtu wa kuulizwa habari zake. Bibi Morioka anajitania mwenyewe kwamba yeye ni bora miongoni mwa wasio na kazi, kwa kuwa hakufukuzwa. Mzaha huo ni wa mtu aliyechoka, na umefichwa ndani yake uchungu ambao filamu haiufunui wote. Akiitwa mzururaji, mzaha unakufa papo hapo. Afadhali kusema kwa maneno ya wazi, asiye kazini, na kumwachia msikilizaji nafasi ya kumhurumia au kumcheka apendavyo.

Siri ya hadithi ndiyo inayoipima lugha. Kwa Kijapani msemaji huweza kujulikana kuwa mume au mke kwa neno analolitumia kujitaja. Ore na boku ni maneno ya wanaume, atashi ni la wanawake, na watashi hutumiwa na wote wakati wa adabu. Mtu akitaka kujifanya mwanamume katika maandishi, anazo nyenzo tele za kufanyia hivyo, na anaweza pia kujisahau akajifichua. Kiingereza hakina hayo, lakini kila kinapomtaja mtu asiyekuwapo hulazimika kuchagua, ama wa kiume ama wa kike, na mfasiri hapati pa kukimbilia. Kiswahili hakina hili wala lile. Mimi ni mimi, na anampenda ni anampenda. Nani ni mume na nani ni mke, kitenzi hakisemi. Ndivyo zilivyo pia lugha za Kibantu za uwanda wa kati, Kigogo, Kirangi cha upande wa Kondoa, na Kinyaturu cha Singida, hata msikilizaji wa huko hatazamii kuambiwa jinsia ya mtu na kiambishi. Watunzi wa tarabu wa Unguja waliufaidi ukimya huu tangu zamani: mpenzi huitwa ua, njiwa au lulu, wimbo uliotungwa na mwanamume huimbwa na mwanamke, na msikilizaji hapotezi kitu. Kwa hesabu hii Kiswahili kingeweza kuwa lugha bora kupita zote kwa hadithi ya Hayashi na Lily.

Lakini lugha iliyofunga mlango huu imeacha dirisha. Kiswahili hakimtaji mtu hivi hivi. Humtaja kwa heshima au kwa udugu, na hapo ndipo jinsia inapoingia. Katika filamu wote huitana kwa jina pamoja na san, neno la adabu lisilotenganisha mume na mke. Lily humwita mwenzake kwa adabu hiyo, na Bwana Sakurai humwita Bibi Morioka kwa adabu iyo hiyo, kwa hiyo mtazamaji anasikia sauti moja ya heshima ikivuka kutoka mchezoni mpaka barabarani. Mfano wake kwa Kiswahili ni upi? Ukisema Bwana na Bibi, kama yalivyoandikwa makala haya, siri imekwisha. Kaka na dada, ambayo ndiyo matamshi ya kila siku katika daladala na maofisi ya Dodoma, ni hivyo hivyo, tena yanaleta udugu mahali ambapo mapenzi yanataka kuanza.

Liko neno moja ambalo limesahauliwa kwa haraka mno, nalo ni Ndugu. Tangu enzi za TANU neno hili lilitumika kwa waziri na kwa mkulima, kwa mume na kwa mke, na hata leo halijatoka katika mikutano ya Chama cha Mapinduzi, ambacho makao yake makuu yako Dodoma. Hayashi na Lily wamo katika kundi la wachezaji lenye mkuu wake, kanuni zake na mikutano yake, ambalo kwa Kiswahili haliwezi kuitwa kwa jina lingine ila chama. Ndugu Hayashi, Ndugu Lily: msikilizaji wa Dodoma atatabasamu, na tabasamu hilo ni haki ya hadithi, kwa kuwa wachezaji hao nao wanacheza utaratibu wa chama kwa uso mkavu. Yatakuwapo mapingamizi. Itasemwa kwamba neno hili ni baridi, kwamba linanuka karatasi za mikutano. Hiyo ni kweli, na baridi yake ndiyo inayolifanya lifae mwanzoni, maana kutoka Ndugu mfasiri anaweza kwenda Mwenzangu, na Mwenzangu ni neno lenye joto ambalo pia halitaji jinsia. Hatua hiyo moja, ikiwekwa mahali pake, itafanya kazi ambayo Kijapani huifanya kwa vitu vingi vidogo.

Kuhusu sauti, mambo ni mengine. Katika filamu Bibi Morioka anasemewa na Mamiko Noto, na Hayashi, ambaye ni yeye yule, anasemewa na mwanamume. Lily anasemewa na mwanamke, na Bwana Sakurai na Takahiro Sakurai. Watu wawili wana sauti nne. Tanzania inayo njia yake ya kuwasilisha filamu za kigeni, iliyokua katika mabanda ya video, ambako msimulizi mmoja husimama kati ya picha na watazamaji akawasemea wote, wazee, watoto, wanawake na majambazi, huku akitia maelezo na mizaha yake. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa kwa kazi hiyo, na Matthias Krings aliiandikia katika kitabu chake cha 2015 juu ya namna Waafrika wanavyozitwaa sanaa za nje. Msomi atakayeidharau njia hii na afikiri tena mbele ya hadithi kama hii. Msimulizi mmoja mwenye sauti moja hatenganishi Hayashi na Bibi Morioka kwa koo, bali kwa maneno tu, na maneno ya Kiswahili yako tayari kunyamaza. Anaweza kuificha siri ya Lily muda mrefu kuliko filamu yenyewe, ambayo haikuwa na nia ya kuificha kwa mtazamaji. Au anaweza kuitoa mapema kwa kukonyeza. Shida ni kwamba sanaa ya banda ilizoea filamu za mapigano na hadithi za machozi, ambamo msimulizi hujaza kila ukimya. Hapa ukimya ndio wenye mambo. Bwana Sakurai husimama mbele ya duka akitafuta la kusema asilipate, na msimulizi atakayelipata kwa niaba yake atakuwa ameiharibu sehemu nzima.

Kwamba mambo mepesi ya watu wazima yanaweza kutiwa katika Kiswahili na yakapendwa, hilo limekwisha kuthibitishwa. Mwaka 2011 televisheni ya TBC ilionyesha mfululizo wa Kichina uliosemewa kwa Kiswahili, juu ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ambao haukuwa na bunduki hata moja, nao ulizungumzwa sana, hata Rais Xi Jinping wa China akautaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwaka 2013. Lakini ushindi wa Doudou ulikuwa ushindi wa udugu. Mama mkwe, wifi na shemeji ni watu ambao Kiswahili kinawajua kwa majina, kwa mipaka na kwa ugomvi wao, na wasemaji walijikuta nyumbani. Netoju no Susume ni nyumba isiyo na jamaa. Hakuna mama anayepiga simu kuuliza kwa nini binti yake wa miaka 30 hatoki nje. Hakuna shangazi aliyefunga safari. Mtu wa Mpwapwa au Bahi ataliona pengo hili kabla ya mengine yote, na atauliza ni nani aliyemtuma nani. Kwa bahati hadithi inalo jibu dogo. Bwana Homare Koiwai, mfanyakazi mwenza wa Bwana Sakurai, aliyekuwa akizungumza na Bibi Morioka kwa simu katika shughuli za kampuni zao kabla hajaacha kazi, anafanya kazi ambayo Kiswahili kinaijua vizuri sana: ni mshenga, ingawa hakutumwa, na kwa muda anaonekana kama atajisemea mwenyewe.

Kwa upande mwingine, msomaji wa Kiswahili asije akadhani kwamba kupendana kwa maneno kabla ya kuonana ni mambo yaliyozaliwa na kompyuta. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na uwanja wa watunzi ambamo watu wa Tanga, Tabora na Dodoma walirushiana mafumbo, wakajibizana, wakatukanana kwa vina na kupatana kwa mizani, na wengi wao walijuana kwa shairi tu. Lakabu ilikuwa vazi la kawaida la mtunzi wa gazetini. Jina la Sauti ya Kiza la Andanenga lilijulikana kwa watu ambao hawakuujua uso wake. Huo nao ulikuwa mchezo wenye kanuni, na aliyezivunja aliumbuliwa. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, mwandishi wa Historia, Mila, na Desturi za Wagogo iliyotolewa 1954, aliyapeleka malumbano hayo mbali zaidi katika ngonjera, ambamo wasemaji wawili huvaa fikira mbili na kukabiliana mpaka mmoja akubali. Alifariki 1969, na kitabu cha Ngonjera za UKUTA kikatoka mwaka uliofuata. Mtu huyu wa uwanda wa kati alionyesha kwamba Kiswahili cha daraja la juu hakihitaji bahari. Tena alionyesha kwamba mtu akipewa sehemu ya kusema isiyo yake, husema mengi ambayo asingeyasema kwa jina lake. Bibi Morioka ndani ya Hayashi ni hivyo hivyo: akiwa mwanamume wa kuchorwa anathubutu kusema kwamba amechoka, na Lily anamjibu.

Utani pia unafaa kukumbukwa hapa. Katika njia ya misafara iliyopita Ugogo, watu wa makabila yaliyopigana au yaliyotozana hongo walijenga ruhusa ya kutukanana bila ya chuki, na ndani ya ruhusa hiyo wakazikana na kusaidiana. Wachezaji wa Fruits de Mer wanataniana kwa namna ambayo mtani angeielewa bila ya kufasiriwa.

Ila za filamu zenyewe ni za kutajwa. Sadfa ni nyingi kupita kiasi. Si kwamba Lily na Hayashi wanakaa mji mmoja tu. Mkuu wa chama chao, Kanbe, ni Bwana Fujimoto, muuzaji wa duka lile lile ambalo Bibi Morioka hununua chakula, duka la aina ambayo mijini kwetu wangeliita la Mangi, ila hili halifungwi usiku. Mshenga naye ni rafiki wa mwanamume na mwenzi wa zamani wa kazi wa mwanamke. Juu ya hayo inafunuliwa kwamba wawili hawa walikwisha kucheza pamoja katika mchezo wa zamani zaidi, kwa majina mengine. Sadfa moja ni neema ya hadithi. Ya nne inamfanya mtazamaji aone mkono wa mtungaji. Tena Bwana Sakurai amefanywa mzuri mno wa sura, kana kwamba haya na upole wake havikutosha. Na swali la fedha limekwepwa: nani anayelipa kodi ya chumba? Watumishi wa Serikali walioanza kuhamia Dodoma baada ya tangazo la Julai 2016, ambao wengi wao walifika peke yao na kupanga vyumba katika mji wasioujua, watalitambua chumba la Bibi Morioka vizuri kabisa, na jioni zake ndefu pia, lakini watauliza habari za kodi.

Ila hizo hazifuti sifa yake kuu, ambayo ni heshima. Hakuna mahali ambapo umri wa bibi unafanywa kichekesho na watu wa hadithi. Yeye mwenyewe ndiye anayejicheka, na anapokwenda kutengeneza nywele ili akale chakula na Bwana Koiwai, filamu inakaa naye kwa subira ileile inayowekwa kwa vita vya mchezoni. Wala Bwana Sakurai hachekwi kwa kuvaa umbo la Lily. Riwaya zetu za mapenzi, tangu zile za miaka ya 1970, zimezoea kumwadhibu mwanamke aliyetoka katika njia, kwa mimba, kwa maradhi au kwa kifo. Mfasiri aliyelelewa na riwaya hizo atavutwa kuongeza chumvi hapo, na akiongeza kidogo tu chakula kitakuwa kingine.

Limebaki neno moja ambalo Kiswahili hakiwezi kulificha, nalo ni kuoa. Mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Ukilitamka umesema nani ni nani, na Hayashi na Lily wanageuka kwa mara moja, aliyekuwa muoaji akawa muolewa. Filamu inamponya mfasiri kwa kumalizika mapema: wawili wanajuana, wanakubaliana, wanaendelea kucheza, na harusi haitajwi. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba hadithi iliyochorwa haitaendelea, kwa sababu ya afya ya mtungaji. Msikilizaji wa Dodoma atauliza kwa vyovyote kama alimwoa, na msimulizi hatakuwa na la kumjibu ila kwamba hadithi haisemi.